Weka simu karibu na kikaango

Jana nilikuwa nakamua limau la samaki, binti yangu akasimama mlangoni akaniuliza mama mbona unanusa maganda. Sikumjibu. Ile harufu ikishanishika basi, nimerudi Napoli, Italia, Februari 2016, jikoni kwangu mtaa wa Sanità, dirisha limejaa ukungu na miguu imeganda kwa baridi.

Ilikuwa Jumapili, siku yangu ya ofu. Sokoni nilikuta malimau ya Sorrento, mji wa jirani, yanauzwa na majani yake, makubwa, ngozi nene, nikachukua mawili na kidari cha kuku, nikampigia baba Malindi kwa WhatsApp. Baba ni mpishi, miaka 20 na zaidi amewapikia Waitaliano kwenye nyumba zao kule ufuoni na Italia yenyewe hajaikanyaga.

"Shikamoo baba, leo napika skalopini za limau."

"Marahaba mwanangu. Za ndama au kuku?"

Nikamwambia kuku. Skalopini ni vipande vyembamba vya nyama vya kukaanga, vya Kiitaliano. Akanielekeza: kata vipande vyembamba, funika na nailoni, pondaponda taratibu vilingane (sina mchi, nikatumia chupa ya mafuta ya zeituni), chumvi, kisha vigaragaze kwenye unga wa ngano na ukung'ute unga wote uliozidi. Siagi na mafuta ya zeituni pamoja, manake siagi peke yake huungua haraka.

Nilipotia kipande cha kwanza akasema, "Weka simu karibu na kikaango nisikie."

Nikaiinamisha. Baba kanyamaza kimya. Huku mafuta yanalia chwaaa, na kule kwake nasikia tuktuk zinapita na adhana ya alasiri inaanza, nami nimeishika simu juu ya moshi mkono unauma lakini siwezi kuutoa. "Moto mwingi huo. Punguza." Nikapunguza. "Bado, kidogo tena." Mlio ukashuka, ukawa kama mvua ndogo juu ya makuti. "Ehee. Hapo hapo, usiguse." Hakuwa anakiona kile kikaango jamani, alikuwa anakijua. Nililia, nikajifuta na kanga, sikumwambia.

Yaliyobaki yalienda mbio. Nikatoa kuku, nikamwaga maji ya limau na maji kidogo, nikakwangua yaliyoganda chini, nikaepua, nikatia donge la siagi baridi na kutikisa mpaka mchuzi ukawa mzito. Limau lisichemke sana, alisema, linakuwa chungu. Kuku nikamrudisha, prezzemolo, yaani majani ya parsley, juu.

"Haya, limau lao likoje?"

Baba miaka yote alitumia ndimu, malimau yakikosekana sokoni, na chembe ya sukari ya kuvunja ukali. Nikamwambia hili halina ukali sana baba, lina kautamu kwa ndani, na harufu yote iko kwenye ganda.

Akakaa kidogo. "Kwa hiyo niliyokuwa napika mimi siyo yenyewe?"

Nikamwambia yako ni tamu zaidi. Nilisema haraka, mdomo bado umejaa ile ya Sorrento, na ilikuwa tamu, wallahi ilikuwa tamu sana. Akacheka, akasema haya kula kabla haijapoa.

Sijui kama nilimdanganya. Mpaka leo nikizipika skalopini nyumbani natumia ndimu na chembe ya sukari, nafunga macho naonja, na sipati jibu.