Siku moja maishani mwangu: Jumamosi ya mchuuzi wa vipimo vya kale, Paris

Saa 11 alfajiri

Novemba hapa ni giza na baridi ya kuuma masikio. Nachemsha chai ya tangawizi, naijaza kwenye chupa, napanga mkoba: tochi, kioo cha kukuzia cha sonara, rula ya chuma, mizani ndogo ya kidijitali, sumaku ya kukamatia chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na noti ndogondogo.

Kazi yangu ni kununua na kuuza vyombo vya kale vya Kifaransa vya sayansi, vya tiba na vya kupimia. Nyumbani Tanga ukisema unauza vitu vya kale, watu hufikiria masanduku ya njumu na saa za ukutani. Mimi nahangaika na barometa, vile vipimo vya kanieneo ya hewa, hadubini, mawe ya mizani na misumeno ya wapasuaji waliokufa zamani.

Saa 1 asubuhi

Soko la Vanves liko kusini mwa Paris, kando ya barabara mbili, Marc-Sangnier na Georges-Lafenestre. Ni la Jumamosi na Jumapili tu. Saa hii wauzaji bado wanashusha mizigo garini, na wanunuzi wenye nia ni hawa tunaopita na tochi. Watalii wakishafika, vilivyobaki ni vijiko na sahani.

Salamu kwanza. “Bonjour, Madame,” kisha habari za baridi, kisha habari za goti lake. Ukianza na bei kabla ya salamu umejiharibia mwenyewe, na mtu wa pwani hilo halimpi shida.

Chini ya meza yake naona kitu ninachokipenda kuliko vyote: mawe ya mizani yenye umbo la vikombe vya shaba, yanayoingiana kama sufuria za bi harusi. Kikombe cha nje, chenye kifuniko, uzito wake ni sawa na vyote vya ndani vikijumlishwa. Kila kinachofuata ni nusu ya kilichokitangulia, hadi viwili vya mwisho, vidogo kama kifungo, ambavyo vinalingana. Hivyo viwili ndivyo hupotea. Humu vipo.

“Ya zama za mfalme Louis XV,” Madame ananiambia. Euro 180.

Naomba ruhusa, naweka kikombe cha nje kwenye mizani yangu. Gramu 249.7.

Hapo ndipo kazi hii inaponipa raha. Kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa, ratili ya Paris ilikuwa na wakia 16, karibu gramu 489.5 kwa jumla. Nusu yake ni kama gramu 244.8. Shaba ikitumika hulika, haiongezeki. Hizo gramu tano za ziada zimetoka wapi? Zimetoka kwa Napoléon. Sheria ya mwaka 1795 iliwaletea Wafaransa mita na gramu, lakini sokoni watu wakaendelea na ratili zao, na nusu zao, na robo zao. Mwaka 1812 serikali ya Napoléon ikalegeza kamba: ikawaruhusu wachuuzi watumie majina ya zamani, ila ratili sasa iwe gramu 500 kamili, igawanywe nusu kwa nusu walivyozoea. Ruhusa hiyo ilifutwa kuanzia Januari 1, 1840. Kwa hiyo seti inayogawanyika kwa nusu, na jumla yake ni gramu 500, ni ya miaka hiyo isiyofika thelathini. Louis XV alifariki 1774.

Namwonyesha Madame namba kwenye mizani na kumweleza. Wapo wenzangu wanaosema nina kiherehere, ningenyamaza tu. Lakini wiki ijayo nitapita tena mbele ya meza hii. Anaguna, anashusha hadi 130, nalipa. Yeye anadhani seti imepoteza hadhi kwa kukosa mfalme. Mimi kipande cha ugomvi kati ya serikali na wauza nyama nakipenda zaidi kuliko mfalme yeyote. Pembeni kuna herufi ndogo zilizogongwa na wakaguzi wa vipimo, moja juu ya nyingine, nyingine zimefutika nusu kwa kushikwashikwa. Hizo ndizo ninazolipia.

Saa 4 asubuhi

Meza nyingine imejaa sekstanti, vyombo vya mabaharia vya kupimia pembe, zinazong'aa kama zimetoka kiwandani, na kweli ndiko zilikotoka. Mistari ya vipimo imechapwa kwa kemikali, haina kina, wala ncha safi ya kuchongwa. Skrubu zote zinafanana. Napita. Kwenye kikapu cha vikorokoro naokota pembe ndogo ya mbao, mfano wa tarumbeta fupi, kwa euro 15.

Saa 6 mchana

Nimempigia picha ile pembe na kumtumia shangazi, mkunga mstaafu Tanga. Hajakawia kupiga.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Hiyo fetoskopu umeipata wapi? Yangu mbona imo kabatini?”

Ndiyo ile ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Namweleza kwamba jina lake la Kifaransa ni Pinard, kutokana na Adolphe Pinard, daktari wa uzazi wa Paris aliyeibuni mwaka 1895. Asili yake ni daktari Laennec, ambaye mwaka 1816, katika hospitali ya Necker, alikunja karatasi ikawa bomba ili asilazimike kuweka sikio kifuani mwa mgonjwa wa kike, kisha akachonga bomba la mbao, yaani stetoskopu ya kwanza. Hospitali ipo hadi leo, hapahapa mjini.

Shangazi anasikiliza kwa adabu, kisha: “Na umeinunua shilingi ngapi?” Namwambia. “Haya. Mimi kwa hiyo hiyo nimesikiliza nusu ya watoto wa Tanga, na umeme ukikatika ndiyo inayobaki kazini. Nyie mnaiweka kwenye kioo?”

Sikuwa na la kusema. Nimecheka tu.

Saa 8 mchana

Hôtel Drouot, nyumba ya minada ya Paris. Leo ni siku ya kutazama, mnada wenyewe baadaye. Hapa unaruhusiwa kushika, nami sitoi bei kwa kitu ambacho sijakishika.

Kasha la vyombo vya upasuaji lenye saini *Charrière à Paris* linanikalisha muda mrefu. Joseph Charrière alizaliwa Uswisi, akawa fundi mkubwa wa vyombo vya tiba Paris katikati ya karne ya 19. Wauguzi wa kwetu wanamtumia kila siku bila kumjua: ile namba ya mpira wa mkojo, 14, 16, 18, ni kipimo chake. Gawa kwa tatu upate upana kwa milimita. Namba 18 ni milimita 6.

Msumeno na visu vina mipini ya abunusi yenye mikato ya msalaba ili mkono usiteleze. Inapendeza sana, na ingewatisha wauguzi wa leo, maana kwenye mikato hiyo damu inaganda na haisuguliki. Elimu ya vijidudu ilipokubalika na vyombo vikaanza kuchemshwa, mbao na pembe zikaondoka, mipini ikawa ya chuma kitupu. Basi mpini wenyewe unakupa umri kabla hujatafuta saini. Kasoro ya kasha hili ni kisu kimoja: nafasi yake kwenye mahameli ni pana kuliko chenyewe. Kimeletwa kuziba pengo. Naandika bei yangu ya mwisho kwenye daftari, nikikumbuka kwamba ada ya mnada mara nyingi huzidi robo ya bei.

Kabla ya kutoka nayaburudisha macho: saa ya jua ya mfukoni ya muundo wa Butterfield, Mwingereza aliyefanya kazi Paris zama za Louis XIV. Ina dira katikati, na ndege mdogo ambaye mdomo wake unaonyesha latitudo. Ndege huyo ametengenezwa kwa ajili ya miji ya Ulaya. Tanga, nyuzi tano kusini mwa ikweta, hafiki.

Saa 11 jioni

Karakana, yaani meza ya jikoni. Vikombe vya asubuhi nasafisha kwa maji yaliyotoneshwa na sabuni laini, nakausha, napaka nta kidogo. Basi. Dawa ya kung'arishia shaba haiingii ndani ya nyumba hii. Ukiisugua shaba ya kale unaondoa vanishi ya fundi, halafu unaondoa herufi za mkaguzi, halafu unabaki na bakuli la kuwekea funguo.

Saa 2 usiku

Simu ya daktari wa Muscat, mtu wa asili ya Unguja, mteja mwenye subira. Anataka stetoskopu ya karne ya 19 yenye kisikilizio cha pembe ya ndovu.

“Bwana daktari, pembe siuzi,” nasema. “Hata ya kabla ya 1947 inataka makaratasi, na mimi sitaki kuanza safari hiyo.”

“Nipe ya mti mtupu, basi.” Ya mierezi ipo. Anauliza pia barometa ya zebaki. Hiyo namuuzia mnunuzi wa hapa Ufaransa tu, aje na gari. Abiria wa kawaida haruhusiwi kupanda ndege na barometa ya zebaki, na mrija ukivunjika sebuleni mwa mtu ni balaa. Namshauri achukue ile isiyo na kimiminika, aina aliyoibuni Lucien Vidie mwaka 1844. Anasema atafikiri. Kwa daktari huyu, kufikiri ni miezi.

Saa 4 usiku

Naandika maelezo ya vikombe: uzito wa kila kimoja, herufi zinazosomeka, mkwaruzo kwenye bawaba. Bei euro 260. Mtu wa kwanza amejibu kabla sijanywa maji: ni nzuri, je, naweza kuzing'arisha kabla ya kutuma, zipendeze kwenye rafu? Nimemjibu kwamba hapana, na kwamba akitaka za kung'aa, Vanves zipo, kwa euro 30.