Mati za pikapu kwa sisi watu wa samaki na chumvi

Wengi wakiniuliza wanunue mati gani za sakafu ya kebin ya pikapu huanza na rangi, ama wanaanza na bei, na mimi huwarudisha nyuma kwanza niwaulize hio gari yafanya kazi gani. Manake pikapu ya hapa Malindi asubuhi iko Ngomeni yangoja samaki, mchana imepanda Marafa kupakia maembe, jioni ushaitwa upeleke saruji ya mtu Ganda, na kila mahali watu wanaingia na miguu yao ilivo. Ndani ya kebin unapata maji ya barafu yamechanganyika na magamba, ule mchanga mwekundu wa Marafa ambao hata ufunge vioo utaingia tu, na masika ikianza mwezi wa nne ndo matope sasa.

Lakini matope mimi hayanipi wasiwasi kabisa. Matope hukauka ukayapangusa yakaisha. Kitu cha kuogopa ni chumvi. Maji ya bahari yakimwagika kwenye kapeti la gari, maji yataenda zake lakini chumvi inabaki, na chumvi huvuta unyevu wa hewani, na hewa yetu hii ya pwani unyevu haukosi kaskazi wala kusi, kwa hio kapeti linakaa na majimaji hata ukiacha milango wazi kutwa nzima. Chini ya kapeti kuna sponji la kuzuia kelele, hilo ndo hunyonya kabisa, na chini ya sponji ndio bati lenyewe. Bati linaliwa na kutu wewe juu waona kapeti safi, mpaka siku fundi ang'oe viti ndio muone sakafu imetoboka. Na chini ya viti kwenye gari nyingi za sasa kunapita nyaya na soketi zake, zikipata chumvi taa zinaanza kuwaka kwenye dashibodi na hakuna anayejua shida iko wapi.

Kwa hio mati ya kwanza kuitafuta ni ile yenye kingo zimenyanyuka pande zote kama sinia, na mifereji katikati, maji yakimwagika yakae humohumo mpaka uitoe uyamwage nje. Hizi mati bapa zinazouzwa kila mahali zinaficha tu uchafu, maji yanapita ukingoni yanateremka kwenye kapeti na wewe hujui, halafu mati yenyewe inayafunika yasikauke. Hapo heri ungekaa bila mati.

Tukija kwa mali yenyewe iliotengenezewa, kuna aina nne utakutana nazo. Mpira halisi ni mzito, umekaa vizuri chini, haukatiki ovyo, shida yake ni harufu gari ikishinda juani na baada ya muda jua huupausha, lakini kwa kazi ngumu mimi nauheshimu sana. PVC, yaani plastiki, ndio ile rahisi, inang'aa dukani, ikipigwa na joto la kebin iliofungwa inatoa harufu kali, na miaka ikienda ile lainilaini yake inatoka inakuwa ngumu inapasuka pale kisigino kinapokaa. EVA ni zile nyepesi za povu gumu kama la malapa, zenye vijishimo vya almasi, watu wa gari ndogo wanazipenda na kweli zinashika maji kidogo bila kumwagika, ila ukiwa mtu wa mchanga kama sisi vile vishimo vinajaa, utapiga mati chini mpaka mkono uchoke na bado mchanga umo, na ni laini kisigino kinaila haraka. Ya nne ni TPE, plastiki inayonyumbuka kama mpira, ndo hii huwekwa kwenye moldi ikatoka na umbo la sakafu ya gari yako kabisa. Haina harufu ya kuudhi, joto na jua inavumilia, inaoshwa kwa sabuni ikawa mpya. Bei yake iko juu, na kwa anayebeba samaki nasema ilipe tu kwa sababu bati la sakafu ni ghali zaidi.

Sasa hapa pa umbo ndo wengi wanapotea. Mati nzuri unazoona mtandaoni nyingi ni za Marekani, kina WeatherTech na Husky Liners, na kazi zao ni safi sikatai, lakini Marekani stearingi iko kushoto na sisi iko kulia, kwa hio mati ya dereva wao ni ya upande usio na pedeli kwako. Halafu Hilux yenyewe kule haiuzwi, wao wana Tacoma, na usije ukadanganywa eti zote ni Toyota zitaingiliana. Haziingiliani. Tafuta zilizotengenezewa Thailand ama Australia ambako wanaendesha upande wetu na Hilux na Isuzu D-Max zimejaa. Na hata hapo uliza modeli vizuri, Hilux ya zamani ya Vigo na iliyoifuata ya Revo sakafu ni mbalimbali, D-Max ya kabla ya 2019 na hii mpya ni mbalimbali, gia ya mkono na otomatiki pia sivyo sawa kwa sababu ya klachi, na yenye gia ya fowili pembeni ina nundu yake pale katikati. Muuzaji akikwambia "hii yaingia gari zote" mshukuru utoke.

Hili la umbo silisemi kwa ajili ya urembo, lahusu roho za watu. Mwaka 2009, mwezi wa nane, karibu na San Diego kule Marekani, Lexus ES 350, ambayo ni gari ya Toyota, ilienda kasi ikakataa kusimama, watu wanne walikufa ndani yake. Uchunguzi ukaonesha gari ilikuwa imewekewa mati za mpira za modeli nyingine ya Lexus, na mati ikanasa akseleta ikabaki chini. Baada ya hapo Toyota ikatangaza kurudisha magari karibu milioni 3.8 kwa sababu ya mati, na pikapu za Tacoma na Tundra zilikuwemo. Mati tu jamani! Ndio maana nikiona dereva ameweka mati mpya juu ya mati ya zamani mwili wanisisimka, na huku kwetu wengi wanafanya hivo wanasema inazuia zaidi.

Kwa hio upande wa dereva iwe mati moja peke yake, na ishikwe na zile kulabu za sakafuni ambazo gari imetoka nazo kiwandani. Kama mati haina matundu ya kulabu, ama matundu hayakutani nazo, hio si ya gari yako. Ukishaiweka, zima injini, kanyaga akseleta mpaka mwisho uiachie, irudi yenyewe bila kugusa kitu, halafu isukume mati mbele kwa mguu kwa nguvu uone kama inasogea. Na akseleta ikinasa ukiwa barabarani, Mungu aepushe, usipigepige breki, kanyaga breki moja kwa moja kwa nguvu zote na gia uweke nyutro, ukishasimama ndio uzime.

Kuosha hakuna mambo mengi, brashi, sabuni na maji ya bomba, ianike kivulini. Wale vijana wa kuosha magari waambie mapema wasipake ile dawa ya kung'arisha tairi kwenye mati, inateleza, na mguu ukiteleza kwenye breki ukishuka daraja la Sabaki hutakuwa na muda wa kumlaumu mtu. Na kila ukiitoa mati pitisha mkono kwenye kapeti chini yake, ukihisi majimaji onja kidoleni, kama ni chumvi inyunyizie maji baridi uyafyonze na kitambaa urudie mpaka chumvi iishe.

Kwangu mbele ni TPE zote mbili, nyuma kwenye dabo kebin nimeweka mpira mzito wa kukata kwa sababu nyuma hakuna pedeli na huko ndiko makreti hukaa. Mwenye single cab ya zamani ambayo mati za moldi hazipatikani, tafuta fundi wa viti mwenye mpira wa roll, mpelekee mati ya kiwandani hata kama imechakaa aifanye ruwaza, mwambie akate matundu ya kulabu palepale zilipo, akuache sentimita chache za nafasi mbele ya akseleta na aunganishe kingo ya kusimama upande wa mlango.