Masika yasikudanganye unapokagua data za unyevu wa udongo

Linganisha data yoyote ya unyevu wa udongo ya dunia nzima, iwe ya modeli za kompyuta za ERA5-Land na GLDAS au ya setilaiti ya SMAP, na vipimo vya shamba moja pale Uyole, Mbeya, kwa mwaka mzima, na mara nyingi utapata namba ya uhusiano (r) ya kupendeza. Usiipokee haraka. Nyanda za Juu Kusini tuna msimu mmoja wa mvua: unaanza Novemba, unaisha Aprili au Mei, kisha kiangazi kinashika hadi Oktoba. Hata mstari uliochorwa kwa mkono, unaopanda Desemba na kushuka Juni, utapata r nzuri. Hapo umepima kalenda.

Mkulima wa mahindi hahitaji setilaiti imwambie kwamba Februari udongo una maji. Anachotaka kujua ni kama siku kumi za jua kali, mahindi yakitoa mbelewele, zimekausha udongo kiasi gani. Ndiyo maana msimu uondolewe kwanza. Kwa kila siku tafuta wastani wa siku 35 (17 kabla, siku yenyewe, 17 baada), uutoe kwenye kipimo cha siku hiyo, kisha linganisha mabaki ya pande zote mbili kwa miezi ya masika peke yake. R itashuka, pengine sana. Hiyo iliyoshuka ndiyo ya kuandika kwenye ripoti.

Kabla ya hapo, vipimo viwe vya aina moja. GLDAS inayotumia modeli ya udongo ya Noah hutoa kilo za maji kwa mita ya mraba. Gawa kwa unene wa tabaka kwa milimita: kilo 28 kwenye tabaka la sm 0–10 ni 28/100, yaani maji ni 0.28 ya ujazo wa udongo. Tabaka la pili ni sm 10–40, hivyo gawa kwa 300. Wengi hugawa kwa 100 na kupata udongo wenye maji mengi kuliko ujazo wake. ERA5-Land tayari iko kwa ujazo, na matabaka yake ni sm 0–7, 7–28, 28–100 na 100–289. SMAP huona takriban sm 5 za juu. Kihisio kilichofukiwa sm 20 hakiwezi kuihukumu. Kilinganishe na tabaka la pili la ERA5-Land. Saa nazo: ERA5-Land hutumia saa za UTC, nasi tuko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo usiporekebisha, mvua ya saa nane usiku itahesabiwa kwenye siku iliyotangulia.

Sasa udongo wenyewe, na hapa ndipo pana kazi. Udongo wa volkano wa Tukuyu ni mwepesi, mara nyingi chini ya gramu 0.9 kwa sentimita moja ya ujazo. Chukua sampuli kwa pete ya chuma ya sm 100 za ujazo, kausha kwenye oveni nyuzi 105 kwa saa 24, upime. Tuseme kila gramu ya udongo mkavu ilibeba gramu 0.40 za maji: kwa uzito wa 0.8 unyevu ni 0.32, ukikopa 1.3 kutoka kitabuni unapata 0.52, kosa linaloweza kuzidi la setilaiti yenyewe. Hata kihisio kinachotegemea fomula ya Topp (inayogeuza usomaji wa umeme kuwa unyevu) husoma chini kwenye udongo huu, hivyo kirekebishe kwa sampuli za oveni. Modeli nayo ina dari: penye udongo iliouweka daraja la kati, ERA5-Land haiwezi kupita 0.439. Shamba likiwa na 0.55 baada ya mvua, usilaumu mvua ya modeli.

Usangu mambo hugeuka. Udongo mweusi wa mbuga hupasuka ukikauka, hewa huingia kando ya kihisio na kipimo huporomoka ghafla. Kwenye majaruba ya Mbarali, modeli hazijui maji ya mfereji, na setilaiti huchanganya maji yaliyosimama na udongo uliolowa. Vinyungu vya mabondeni Njombe ni vyembamba mno kwa piseli (kisanduku kimoja cha data) ya SMAP ya kilomita 36. Hata ya ERA5-Land ya kilomita 11 haivioni. Kwenye misitu ya misonobari Mufindi, soma alama za ubora za SMAP: maji ya mimea yakizidi kilo 5 kwa mita ya mraba, tupa kipimo hicho.

Kwenye ripoti, andika makosa mawili kwa namba mbili: data inazidi au kupungua kwa wastani gani, na inayumba kiasi gani wastani huo ukishaondolewa. Lengo la SMAP la 0.04 linahusu la pili tu. Ukilinganisha data tatu kwa pamoja, usiweke ERA5 (modeli mama ya ERA5-Land) na ASCAT (rada ya setilaiti) kama mashahidi wawili: ERA5 hupokea vipimo vya ASCAT ndani yake.

Kwa kuanzia ningechagua Ismani, Iringa, penye mashamba wazi na miti michache, vihisio visipungue tisa ndani ya piseli moja, vyote sm 5.