Siku moja na kipimo cha hewa: tairi chakavu kwenye mji wa makaa ya mawe

Saa 11 alfajiri. Julai hapa eMalahleni, jimbo la Mpumalanga, Afrika Kusini. Wa Makambako wataielewa baridi hii. Nafuta sakitu kwenye kipimo cha vumbi tulichofunga juu ya paa la Gogo mmoja (ndivyo bibi anavyoitwa hapa), naye kashawasha jiko la makaa ya mawe. Hewa nzito imelala chini na moshi umekwama mtaani. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Pretoria ilisema wazi: hewa ya ukanda huu inavunja haki ya kikatiba ya wakazi wake.

Saa 2. Nafika kwenye kiwanda cha kupika tairi. Tairi hufungiwa kwenye tanuru lisilo na oksijeni, joto linapita nyuzi 400, mpira unageuka mvuke, mvuke ukipoozwa unakuwa mafuta. Kinachobaki ni waya na unga mweusi wa kaboni. Msimamizi anajivunia kazi hii, na ana haki: tairi zikichomwa porini ili kupata waya, benzini na masizi humwendea kila mtu.

Saa 5. Tanuru linafunguliwa likiwa bado la moto. Hapa ndipo roho inaponiwa juu. Unga unatimka, laini kama wanja, unamganda kijana anayefagia hadi kwenye kope. Hana barakoa. Namvulia yangu. "Bhuti (kaka), mbona hudai vifaa?" Alikuwa kibarua wa usafi kituo cha umeme cha Komati, kilichozimwa Oktoba 2022. "Dada, nikidai nitakwenda wapi tena?"

Jibu hilo linaniumiza kuliko namba zote ninazoandika.

Saa 8 mchana. Nachota udongo mferejini ukapimwe zinki, kwani imo katika kila tairi. Sasa ni kukavu. Mvua za Oktoba zitausomba kuelekea mto Olifants, ambao tayari unabeba maji ya asidi kutoka migodini.

Saa 12 jioni, ukumbi wa kanisa. Wapo wanaotaka kiwanda kifungwe. Mimi nataka kibaki, lakini tanuru lipoe kwanza, unga ufyonzwe kwa bomba, na vipimo vya moshi vibandikwe getini kila wiki. Mafuta nayo yasafishwe salfa kabla ya kuuzwa, la sivyo uchafu unahamia kwenye bomba la moshi la mwingine. Mama mmoja anauliza: wakisimamisha kazi kwa marekebisho, mishahara je? Tunaliongeza kwenye barua ya madai yetu, tena juu kabisa. Inapelekwa Jumatatu.