Nilivyowafundisha manesi kupima matiti kwa godoro na choroko

Mimi ni nesi, kituo kimoja cha afya huku Temeke, Dar. Mwaka jana nikaambiwa niwafundishe wenzangu saba kupima matiti kwa mikono, yaani kutafuta uvimbe wa saratani, ili mama akija uzazi wa mpango apimwe na hilo hapohapo, maana mamografi, ile picha ya eksirei ya matiti, kwetu ni hadithi tu. Matiti ya silikoni ya kufundishia nikaambiwa yanakuja. Mpaka leo yako njiani.

Siku ya kwanza nikaongea nadharia masaa mawili, wote wanatikisa vichwa, nikamwambia sista mmoja mkongwe haya dada mkubwa tuonyeshe, akagusa huku akagusa kule kama anachagua embe sokoni, sekunde ishirini kamaliza. "Mzima huyu." Nikajua kazi ipo.

Usiku nikakata sponji ya godoro bovu la mwanangu, nikachimbia choroko, kunde na shanga, zingine juujuu zingine chini kabisa, nikafunika na kipande cha baibui. Kesho yake nikawapaka unga wa chaki vidoleni, pima. Aisee! Kitambaa kimechafuka pale kwenye chuchu tu, upande wa juu wa nje kuelekea kwapani cheusi tii, na huko ndo saratani hupenda kuota kuliko sehemu zingine za titi. Mkongwe akaangalia, kimya, halafu akasema "lete tena".

Basi tukaenda kwa mistari, unashuka unapanda kama unapiga deki, toka mtulinga mpaka chini ya titi, toka ubavuni mpaka katikati ya kifua, matumbo ya vidole vitatu vya kati siyo ncha, na kila ulipo unazungusha vijiduara vitatu, kwanza unabonyeza kidogo, halafu wastani, halafu mpaka usikie mbavu. Choroko za chini hakuna aliyezipata mpaka alipobonyeza kweli. Kuangalia kwanza mama akiwa amekaa (ngozi kubonyea, chuchu kuingia ndani) na kutafuta mitoki kwapani hivyo walivishika haraka.

Ugomvi ulikuwa muda. Nimetega simu dakika 3 kwa titi moja, wakaja juu, foleni je? Nikawapa habari ya Mumbai, kule wahudumu wa kike wa kawaida, siyo madaktari, walifundishwa hivihivi, utafiti wa wanawake laki moja na nusu, nusu yao wakipimwa kila miaka miwili, majibu ya miaka 20 yakatoka 2021: saratani zilikamatwa mapema zaidi na kwa wenye miaka 50 kwenda juu vifo vya saratani ya matiti vikapungua karibu asilimia 30. Wakanuna ila wakapima.

Wiki ya tatu mkongwe akanifata mbio, "njoo ushike hapa". Kauvimbe kama punje ya hindi, kwapani kabisa. Yule mama alikuja kuchoma sindano ya uzazi tu. Tukamwandikia rufaa akatolewe kipande kidogo cha uvimbe kikapimwe, mimi mwenyewe nikampandisha daladala maana angeishia nyumbani, majibu yakarudi uvimbe wa kawaida.

Sponji bado tunayo, ila kuna sista aliifua chaki akaianika kivulini, choroko zikaota. Sasa hivi naweka shanga tu.