Jinsi nilivyorudisha mamlaka ya root kwenye simu yangu ya Linux

Simu yangu ya PinePhone, inayoendeshwa na mfumo wa Mobian, naitumia kila siku kama mtumiaji wa kawaida, na ni pale tu ninaposakinisha programu au kubadilisha mipangilio ya mfumo ndipo ninapohitaji mamlaka ya root (mtumiaji mkuu mwenye ruhusa zote) kupitia amri ya sudo. Kwa kuchoshwa na kuandika nenosiri mara kwa mara kwenye kibodi ya kioo, nilifungua faili la /etc/sudoers, linaloamua nani aruhusiwe kutumia sudo, kwa kihariri cha kawaida badala ya visudo, amri inayokagua makosa kabla ya kuhifadhi (uzembe, nakiri), nikaandika ALL=(ALL bila kufunga mabano. Tangu hapo sudo ilikataa kila amri, na kwa kuwa akaunti ya root ilikuwa imefungwa, su, amri ya kugeuka mtumiaji mwingine, nayo haikufaa kitu.

Kilichoniokoa ni kwamba simu hii, inapowashwa, hutazama kadi ya microSD kabla ya hifadhi yake ya ndani. Niliweka Mobian nyingine kwenye kadi kwa kompyuta, nikaiwashia simu humo, kisha nikapachika /dev/mmcblk2p2, sehemu ya hifadhi ya ndani yenye mfumo wangu, kwenye saraka ya /mnt. Amri ya sudo visudo -c -f /mnt/etc/sudoers ilinitajia mstari wenye kosa. Nikafunga mabano, nikahakikisha ruhusa za faili zimebaki 0440 (kusomwa tu, na root na kundi lake), nikazima simu na kuichomoa kadi.

Sudo iliitika mara moja. Lile nililolitaka tangu mwanzo nililipata kwa visudo -f, katika faili dogo ndani ya /etc/sudoers.d, ambamo niliweka timestamp_timeout, muda ambao sudo hukaa bila kuuliza nenosiri tena, kuwa dakika 30.