Faili iliyofuata haikufika

Mwaka 2014 tulikuwa tunajenga programu ya Windows kwa WPF (zana ya Microsoft ya kujenga madirisha), juu ya .NET Framework 4.5 (jukwaa la Microsoft la kuandikia programu), na upande wa seva huduma ya wavuti ya ASP.NET Web API. Kazi yake ilielezeka kwa sentensi moja: programu ikiwashwa inaomba orodha ya nyaraka 40, inazilinganisha na nakala zilizomo kwenye diski, kisha inapakua zile tu zilizobadilika. Siku ya kwanza baada ya kuisambaza, kila kompyuta ilipata nyaraka zote. Siku ya pili ikaanza kukwama.

Dirisha halikuganda. Vitufe vilibonyezeka, kwa sababu maombi yote yalipita kwenye async na await na uzi unaochora skrini ulikuwa huru. Kilichosimama ni mstari wa maendeleo peke yake, na baada ya muda ulijifunga kimya, bila ujumbe wowote wa kosa. Tena haukusimamia mahali pamoja: kompyuta moja iliishia faili ya 2, nyingine ya 5, nyingine ya 11. Kwenye mashine zetu wenyewe tulijaribu kutwa nzima na hatukuona kitu.

Tulianza na kile kimya. Tulipopima kwa saa, kila mara mstari ulijifunga baada ya sekunde 100, na huo ndio muda wa kungoja ambao HttpClient, sehemu ya .NET inayotuma maombi ya wavuti, huja nao usipoubadilisha. Ukiisha, hairushi TimeoutException kama ambavyo mtu angetarajia. Hurusha TaskCanceledException, kosa lile lile linalotokea mtumiaji anapobonyeza kitufe cha kusitisha. Msimbo wetu ulilidaka na kudhani mtumiaji ameamua kuacha. Dawa ni kukagua IsCancellationRequested kwenye tokeni yako mwenyewe ya kusitisha (CancellationToken): ikiwa ni kweli, mtumiaji amesitisha; ikiwa si kweli, muda umekwisha na watu wanastahili kuambiwa. Ukaguzi huo ungepaswa kuwemo tangu mwanzo, maana kosa lililofichwa linakula siku nyingi kuliko kosa lenyewe.

Sasa tulijua kuna ombi linalongoja sekunde 100, lakini linangoja nini? Logi tuliyoiandika mwanzoni kabisa mwa kontrola, sehemu ya huduma inayopokea maombi, ilionyesha kwamba ombi lililokwama halikuwahi kugusa seva. Tukaenda kwenye kompyuta iliyokwama, tukafungua dirisha la amri na kuandika netstat -ano, amri inayoorodhesha miunganisho ya mtandao, tukichuja kwa namba ya mchakato wa programu yetu. Miunganisho miwili tu, yote ESTABLISHED (yaani iko wazi), na hakuna dalili ya wa tatu kufunguliwa.

Namba 2 ina historia. RFC 2616, hati ya viwango ya mwaka 1999 iliyoeleza HTTP/1.1, ilipendekeza mteja mmoja asishike miunganisho zaidi ya miwili kwa seva moja. .NET Framework ililifuata pendekezo hilo: ServicePointManager.DefaultConnectionLimit ni 2 kwa programu za mezani, ingawa ndani ya ASP.NET ni 10. Ombi la tatu halikataliwi. Linapanga foleni likingoja mmoja kati ya miunganisho miwili uachiwe. Lakini sisi tulituma maombi moja baada ya jingine. Foleni ilitoka wapi?

Ilitoka kwenye mstari mmoja ambao tulikuwa tumeuandika kwa nia njema kabisa. Baadhi ya nyaraka zilikuwa kubwa, nasi hatukutaka kila moja iingie nzima kwenye kumbukumbu kabla ya kuandikwa diskini, kwa hiyo GetAsync tuliipa HttpCompletionOption.ResponseHeadersRead. Bila chaguo hilo, HttpClient husoma jibu lote kwanza na muunganisho hurudi wenyewe kwenye hifadhi ya miunganisho. Ukilitumia, unakabidhiwa jibu mara vichwa (maelezo yanayotangulia mwili) vinapofika, na muunganisho unabaki mkononi mwako mpaka usome mwili wote au ufunge jibu kwa Dispose. Sisi tulisoma kichwa cha Last-Modified, tukakilinganisha na tarehe ya nakala iliyoko diskini, na faili ikiwa haijabadilika tulitoka kwa return. Mwili haukusomwa, jibu halikufungwa, muunganisho mmoja ukapotea.

Hapo zile namba za ajabu zikaeleweka zote kwa pamoja. Siku ya kwanza folda ilikuwa tupu, kila faili ilisomwa hadi mwisho, hakuna kilichopotea. Siku ya pili kila faili isiyobadilika ilishika muunganisho mmoja, na baada ya faili ya pili ya aina hiyo hakikupita kitu tena. Kompyuta iliyoishia faili ya 5 ilikuwa imeruka ya 2 na ya 5. Tuliikagua orodha ya kila kompyuta, na hesabu ilikubali kila mahali.

Na kwa nini si kwetu? Folda yetu ya majaribio ilifutwa kila tulipojenga upya, hiyo ni moja. Ya pili ni ngumu zaidi kuigundua: huduma ilikuwa kwenye localhost, na .NET Framework ikiona anwani inarudi kwenye mashine ile ile huondoa kikomo cha 2. Hata tungeacha folda ikiwa imejaa, tusingekwama. Tangu hapo huduma ya majaribio ilikaa kwenye mashine nyingine.

Mmoja wetu alipendekeza kuongeza kikomo hadi 10. Tulijaribu, tukikiweka mwanzoni mwa programu kabla ya ombi la kwanza, kwa sababu ServicePoint, sehemu ya .NET inayosimamia miunganisho ya seva moja, huchukua thamani ya wakati inapoundwa na kubadilisha baadaye hakuigusi iliyokwisha kuwapo. Programu ilikwama baada ya kuruka faili ya kumi. Nilifurahi kuona vile, kwa sababu ilithibitisha ugonjwa bila kuuponya. Tukarudisha 2.

Marekebisho yalikuwa mawili. La kwanza, kila jibu liwe ndani ya using, ambayo huita Dispose yenyewe, bila kuacha njia yoyote ya kutokea, hata ile ya kosa. Hilo lilizuia kukwama, ila kufunga jibu ambalo mwili wake haujasomwa kunaweza kuuvunja muunganisho, na ombi linalofuata likalazimika kufungua mpya. La pili ndilo lililokuwa sahihi: programu itume tarehe yake kwa kichwa cha If-Modified-Since, na kontrola ijibu 304 ("haijabadilika") isiyo na mwili. Web API haikufanyii hilo yenyewe. Tuliandika ulinganisho kwa mkono, na mara ya kwanza kila faili ilionekana mpya. Tarehe ya HTTP inaishia kwenye sekunde, lakini ya NTFS, mfumo wa faili wa Windows, ina vipande vya nanosekunde 100, hivyo ya diski ilikuwa mbele daima kwa sehemu ya sekunde. Tulikata vipande hivyo upande wa seva kabla ya kulinganisha.

Tulipoendesha tena kwenye kompyuta ile iliyokuwa ikiishia faili ya 2, logi ilionyesha maombi 40: 37 yenye 304 na matatu yenye 200 (jibu la kawaida lenye faili yenyewe). Netstat ilionyesha muunganisho mmoja tu, uliobeba yote.